Siku moja maishani mwangu: Dar hadi Mbeya, na daftari la doria

Saa 9 usiku. Naamka kabla simu haijaita. Miaka 16 kwenye mabasi ya njia ya Mbeya, mwili umeshazoea.

Saa 10 alfajiri niko Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Nagonga tairi moja moja kwa chuma, nasikiliza upepo wa breki, nawasha taa zote huku konda akiziangalia kwa nyuma. Askari wa stendi anatupitisha kwenye kipima ulevi. Napuliza na kumshukuru, maana nami nina watoto wanaopanda mabasi ya madereva wengine.

Saa 11 tunaondoka. Kwenye mfuko wa mlango wangu kuna daftari la shule. Konda ndiye anayeandika, mikono yangu ina kazi. Lina safu mbili: askari waliosimama, na gari la doria linalotembea. Nililianza baada ya Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa kutembea saa 24. Nilitaka kujua usiku huo tuliofunguliwa nani anatulinda.

Saa 1 na robo, tunakaribia Chalinze. Lori linalotoka mbele linanipigia taa mara mbili: kuna tochi, kile kipima mwendo cha askari. Kila dereva anaijua lugha hiyo. Basi halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ni 50. Ukinaswa ni notifikesheni, yaani karatasi ya faini, ya shilingi 30,000. Gari zote zinakuwa wapole, tunapita mbele ya askari wawili chini ya mwembe kama tunakwenda msikitini. Kilomita tatu mbele, gari dogo linaniovateki kwenye mstari mzima, na semi, lori la tela refu, inakuja. Nakanyaga breki kumwokoa. Ile tochi imelinda pale pale iliposimama, basi. Lingekuwa gari la doria linatembea katikati yetu, hakuna ambaye angejua liko wapi, na kila mtu angelifikiria muda wote.

Saa 3, Msamvu. Hapa Morogoro huwa nazima redio kidogo. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Simlaumu mtu yeyote. Ila kila nikipita hapa nahesabu kichwani: umati wa namna ile unahitaji askari wangapi kuusogeza, na utepe mrefu kiasi gani?

Tukiwa Mikumi redio inazungumzia bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mzee wa siti ya mbele anasema, "Si wanunue magari tu, yaishe." Namheshimu, lakini nimemjibu kwamba gari kununuliwa ni habari ya siku moja. Kuna tairi, kuna sevisi, kuna dereva wa zamu ya usiku na mwenzake wa kumpokea, na kuna dizeli ya kila siku. Hayo yanategemea fedha za matumizi mengineyo, yaani za kuendesha kazi za kila siku, na hakuna anayezikatia utepe. Faini tunazolipa kwa namba ya malipo zinaingia serikalini. Kutoka huko hadi kwenye tenki la gari la doria ni lazima Bunge lipitishe na Hazina itoe. Ningekuwa mbunge wa jimbo lolote la barabara hii, swali langu lingekuwa moja kila mwaka: lita ngapi, kwa zamu ngapi?

Mzee akanyamaza. Baadaye akasema, "Hilo la lita sikuwa nimeliwaza."

Saa 6 na nusu, Ruaha Mbuyuni. Wali, vitunguu vya kubeba nyumbani, na mwenzangu anashika usukani. Mlima wa Kitonga anaupanda kwa gia nzito nyuma ya msururu wa semi za Zambia na Kongo. Upande mmoja bonde, upande mwingine mwamba. Iringa, Mafinga, nasinzia.

Makambako, saa 12 kasoro jioni, narudi kwenye usukani. Giza linaingia.

Mbele kidogo, jina la kijiji naliacha, naona majani mabichi barabarani, ishara ya gari lililokwama mbele. Matawi yamelazwa kwenye lami, kila hatua kadhaa tawi moja. Nashusha gia. Semi imekatika ekseli, imelala nusu ya njia, haina hata taa moja. Tingo wake, msaidizi wa dereva, kijana mdogo, anapunga shati. Nasimamisha basi nyuma, nawasha taa za hazadi, naomba abiria wa kiume wawili washuke na simu zao watusaidie kumulika. Tukapiga simu polisi. Tukaambiwa wanakuja.

Dakika 40 baadaye akaja afande mmoja kwa bodaboda. Koti la kuakisi mwanga kalikunja kwapani, tochi moja mkononi. Hakuwa na koni wala utepe. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Afande, mko wangapi leo?"

"Wawili. Mwenzangu yuko kituoni."

"Na gari?"

"Gari lipo, kaka. Mafuta ndiyo hamna."

Kisha akavaa koti, akaingia katikati ya barabara na kunyoosha mkono mbele ya lori lenye tani zake, akiwa na tochi ile. Lilisimama. Akatuvusha mmoja mmoja, huku na huku, bila kumfokea mtu. Mama mmoja alifungua dirisha akamwita, "Mwanangu, Mungu akulinde," akampa chupa ya maji. Mimi nilimwachia pembetatu yangu moja, kwa kuwa sikuwa na kingine.

Mbeya tumeingia saa 4 na nusu usiku. Abiria wameshuka, mzee wa siti ya mbele amenipa mkono. Konda akafungua daftari chini ya taa ya ndani: waliosimama, vituo tisa. Gari la doria linalotembea, moja, tena asubuhi kabla ya Morogoro.

"Bosi, yule afande wa bodaboda nimwandike wapi?"

Nikamwambia amwandike na wanaotembea. Alikuja.