Throto bodi ya milimita 80 na mpira wa maji mekundu

Throto bodi mpya, yaani mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ilitoka kwenye boksi inang'aa, kipenyo milimita 80. Ya zamani ilikuwa 75, na nyuma ya kipepeo chake, ile sahani inayofungua na kufunga tundu, masizi yalikuwa yameganda kama lami. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya Chevrolet, V8 ya lita 5.3, kizazi cha mwanzo ambacho pedeli inavuta throto kwa waya na si kwa mota. Mwenye gari alitaka nguvu ya kuvuta trela, na kifaa alikuwa keshanunua. Tukaambiwa tufunge tu. Kwa kuwa ilikuwa kufunga tu, hatukupima kwanza kama throto ndiyo inayobana hewa, na ndiyo maana kazi ile tuliifanya mara tatu.

Kufungua hakuna ugumu. Tuliacha injini ipoe kabisa, maana chini ya throto bodi kuna mipira miwili midogo inayopitisha maji ya rejeta, na ukiichomoa ya moto unaoga. Waya wa pedeli nje, soketi ya sensa ya throto nje, ya vali ya sailensa nje (vali inayoongoza mzunguko wa injini wakati pedeli haijakanyagwa), halafu bolti tatu. Sensa na vali tukazihamishia kwenye bodi mpya, vali ikapewa oringi mpya. Sindano ya vali ile haisukumwi ndani kwa kidole. Gia zake ni ndogo mno, zinakatika. Bolti tukazirudisha kwa niutoni-mita 10, basi. Manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, ni ya plastiki na nyuzi zake ni za chuma kilichopachikwa. Ukikaza kwa hasira kile chuma kinazunguka na kutoka pamoja na bolti.

Kabla ya kufunga tulipitisha vernia, kipimo cha kipenyo, kwenye mdomo wa manifoldi: milimita 78. Maana yake hewa inatoka kwenye tundu la 80 na kugonga ngazi ya milimita moja kuzunguka pande zote. Tukajaza matambara ndani ya mdomo, tukaisugua ile kona kwa msasa hadi ikawa mteremko wa kama sentimita mbili, bila kugusa sehemu inapokaa gasketi. Matambara tuliyahesabu wakati wa kuingiza na wakati wa kutoa.

Tukawasha. Sailensa ikapanda hadi mizunguko 1,500 kwa dakika na kukaa hapo hapo. Kitu cha kwanza kufikiria ni gasketi inavuja, hivyo tukapuliza spreyi ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kuzunguka maungio, mbali na egzosi. Mzunguko haukubadilika hata kidogo. Skana, kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, ndiyo ikasema: vali ya sailensa ilikuwa hatua 0, yaani imefunga yote na bado hewa inazidi, na sensa ya throto ilikuwa inasoma volti 0.74 wakati hakuna mguu kwenye pedeli. Aliyeitengeneza bodi ile aliacha skrubu ya kuzuia kipepeo imeingia sana. Kipepeo kikubwa kikiachwa wazi upenyo uleule wa kidogo, hewa inayopita pembeni ni nyingi zaidi, na kwa kuwa vali ilikuwa imeshafunga yote, kompyuta haikuweza kuipunguza zaidi kwa vali hiyo.

Tulirudisha skrubu robo mzunguko kwa robo mzunguko, injini ikiwa imepata moto, hadi vali ikakaa kati ya hatua 30 na 50 na sensa ikashuka volti 0.58. Usiifungue skrubu hiyo yote. Kipepeo kikilala moja kwa moja kwenye ukuta wa bodi kinanasa, na throto inayonasa barabarani si jambo la kujaribu. Mwisho, mmoja akakanyaga pedeli hadi chini na mwingine akaangalia kwenye mdomo: kipepeo hakikufunguka chote, skana ikasema asilimia 91. Kishikio cha waya kikasogezwa nyuma kidogo, ikawa 100.

Mwenye gari akaenda kuzunguka, akarudi anacheka. "Fundi, sasa inaruka!" Na kweli, ukigusa pedeli kidogo gari lilikuwa linakurupuka. Lakini hiyo ni hesabu ya tundu: 80 dhidi ya 75 ni eneo kubwa zaidi kwa asilimia 14, hivyo robo ya pedeli inaingiza hewa nyingi kuliko robo ya zamani. Trela halivutwi kwa robo ya pedeli.

Ndipo tukapima. Swichi ikiwa imewashwa na injini haijawaka, sensa ya presha ya manifoldi ilisoma kPa 99 (kilopaskali, kipimo cha presha), yaani presha ya hewa ya nje. Pedeli chini, mizunguko 5,200, ikasoma 93. Sita zinapotelea njiani. Tukafungua kila kitu, tukarudisha ya 75, tukapima tena: 93. Tukarudisha ya 80: 93, mara moja ikaruka 94.

Maana yake throto siyo iliyokuwa inabana. Sasa kilichobaki ni kujua hizo sita zinapotelea wapi. Tulichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tukaukunja herufi U kwenye ubao, kila mguu zaidi ya mita moja ili injini isije ikanywa maji, tukajaza nusu kwa maji yenye rangi nyekundu. Ncha moja ikaingia kwenye bomba la hewa mbele tu ya throto, nyingine ikabaki wazi. Kila sentimita 10.2 za tofauti ni kPa 1. Ubao ulishikwa na abiria, mpira ukipita dirishani. Pedeli chini, maji yakapanda upande mmoja kama yamevutwa na mtu mwenye kiu: tofauti sentimita 43. Zaidi ya kPa 4 zilikuwa zinapotea kabla hewa haijaiona throto yoyote, ya 75 wala ya 80.

Filta ilikuwa imeshiba vumbi. Kibaya zaidi, bomba la mpira lenye mikunjo kati ya boksi la filta na throto lilikuwa limelainika kwa mafuta. Injini ikivuta kwa nguvu linabonyea katikati, ikipumzika linarudi umbo lake. Ukilitazama limesimama huoni kitu. Tuliliona kwa kuikanyaga pedeli ghafla huku boneti iko wazi.

Filta mpya, bomba jipya gumu. Maji mekundu yakaonyesha sentimita 14, manifoldi ikasoma 96. Kutoka 93 ni kama asilimia 3 ya hewa, na nguvu inafuata hewa.

Tulimwambia mwenye gari kwamba ya 75 ingemtosha, na kama anataka tumrudishie. Akakataa. Alikuwa ameshauzoea ule mkurupuko.