Tulivyolileta Nyumbani Lori la Jeshi

Mzee aliyetuuzia lile lori alikataa kupokea malipo mpaka anione nikiliwasha, nikilizima na kuliwasha tena. Lilikuwa M35A2, lori la Jeshi la Marekani la kubeba tani mbili na nusu. Alilipata mnadani jeshi lilipoacha kulitumia, akaliweka chini ya turubai kwa miaka mingi. Halina ufunguo. Unageuza swichi, unasikiliza mpaka pampu ya umeme iliyozama ndani ya tangi la mafuta ianze kuvuma, kisha unabonyeza kitufe cha stata. Kuzima ni kazi nyingine kabisa: kuna kebo ya kuvuta, ndiyo inayokata mafuta kwenye pampu ya nozeli. Ukirudisha swichi peke yake injini inaendelea tu, maana dizeli ikishawaka haihitaji umeme.

"Jifunze kulizima kwanza," alisema. "Kuwasha kila mtu anaweza."

Dada yangu alikuwa amesimama kando akiandika kila kitu kwenye daftari. Ndiye aliyeniendesha kwa gari dogo mpaka pale, na ndiye ambaye angenifuata nyuma njia nzima, zaidi ya kilomita mia saba, indiketa zote mbili zikiwaka. Alinionya mapema kwamba hatanifuata kama sitaliangalia lile lori kwa utulivu kabla ya kuondoka. Tukampa mzee heshima yake, tukaomba atuachie uwanja wake kwa mchana ule wote.

Kilichokuwa kinanikosesha usingizi ni breki. M35A2 lina breki za mafuta zinazosaidiwa na hewa: unakanyaga pedeli, masta silinda inasukuma mafuta, na hewa ya tangi inaongeza nguvu ya mguu wako. Kwa lori lenye uzito wa karibu tani sita likiwa tupu, msaada huo si anasa. Tatizo ni kwamba mfumo wa mafuta ni mmoja kwa magurudumu yote. Mpira mmoja wa breki ukipasuka, mbele au nyuma, mafuta yanamwagika na pedeli inazama mpaka sakafuni. Hakuna sehemu ya pili inayobaki kufanya kazi. Hendibreki nayo inashika shafti tu, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, inafaa kulizuia lori lililosimama, si kulisimamisha lililo mbioni.

Kwa hiyo nililala chali chini ya lori na tochi, nikapapasa kila mpira kwa vidole. Mpira uliozeeka unajulikana: ukiukunja kidogo unaonyesha nyufa ndogondogo, au unakuwa mgumu pale unapoingia kwenye nati. Mzee alikuwa amebadilisha ile ya mbele. Wa nyuma haukunipendeza, na yeye mwenyewe akaenda stoo akaleta mpya ukiwa bado kwenye mfuko wake. Tukaufunga, tukatoa hewa kwenye mabomba, dada akikanyaga pedeli na mimi nikifungua nati ya kutolea hewa, mpaka mafuta yakatoka safi bila povu. Kazi ile ilichukua muda mrefu kuliko zote za siku ile na sijutii hata dakika moja.

Zilizobaki zilikwenda haraka. Oili, maji, betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kutoa 24. Nati za magurudumu tulizikaza moja moja, na hapo mzee akanizuia mkono: za upande wa kushoto zina nyuzi za kinyume, zimepigwa muhuri wa L kwenye ncha. Asiyejua hilo atavuta spana akidhani anakaza kumbe analegeza, au atakata kishikizo chote.

Tuliondoka alfajiri. Nilikaa nikiitazama geji ya hewa ikipanda. Ikiwa chini ya pauni 60 hivi za shinikizo kwa inchi ya mraba king'ora kinalia ndani ya kibanda, na mtu hatakiwi kuondoa gari mpaka kinyamaze na sindano ivuke pale kwa mbali. Kilinyamaza. Nikatia gia ya pili, kwa sababu ya kwanza ni ya kuvutia mzigo au kutoka matopeni, nikaachia klachi, na lile dude likatoka getini.

Sijui niwaelezeje sauti yake. Kuna ngurumo ya silinda sita, na juu yake kuna filimbi ya turbo inayopanda kila ukiongeza mafuta, nyembamba, kali, kiasi kwamba watu waliokuwa wakitembea kando ya barabara waligeuka kabla lori halijawafikia. Ndani, bati linatetemeka, vioo vya pembeni vinatikisika, na joto la injini linapanda kupitia sakafu. Usukani ni mkubwa na hauna msaada wowote wa mafuta. Lori likiwa linatembea unageuka bila shida, lakini kugeuza likiwa limesimama ni kazi ya mabega mawili. Nilipenda kila kitu. Tangu utotoni nilikuwa nikiyatazama magari haya yakipita kwa msafara na kujiuliza dereva anaona nini kutoka kule juu. Anaona mbali sana.

Mwendo wake wa juu ni maili 56 kwa saa, takriban kilomita 90, injini ikizunguka mara 2,600 kwa dakika, na hapo ndipo mwisho wake. Kukimbiza injini ya zamani pale mwishoni saa nzima ni kuitesa. Nilijipangia kilomita 70 na nikakaa hapo. Magari yaliyokuwa nyuma yetu yalipokuwa mengi nilitafuta mahali papana nikayapisha. Wengi walipiga honi ya furaha wakipita, watoto wakiwa wametoa vichwa dirishani.

Kituo cha kwanza tulikiweka karibu, makusudi. Gari lililokaa miaka mingi husema shida zake ndani ya saa ya kwanza. Nilizunguka magurudumu yote nikipeleka mkono taratibu kwenye kila kitovu, kwanza bila kugusa, ili joto kali linionye kabla ngozi haijafika. Vya mbele vilikuwa vuguvugu. Vya ekseli ya kati vilevile. Ekseli ya mwisho, upande wa kulia, kitovu kilikuwa na joto zaidi ya wenzake. Hakikuwa cha kuunguza, lakini tofauti ilikuwa wazi hata kwa mtu aliyefumba macho. Dada alikiandika kwenye daftari. Hakukuwa na harufu ya breki kuungua wala oili iliyovuja kwenye rimu, kwa hiyo tukakubaliana kuendelea na kukipima kila tutakaposimama. Kama kingezidi, tungelaza lori hapo hapo.

Baada ya mchana barabara ilianza kupanda mlima mrefu. Nilishuka gia ya nne, halafu ya tatu, na hilo lilikuwa la kawaida. Kisicho cha kawaida ni kwamba hata kwenye ya tatu injini iliendelea kuchoka. Nilikanyaga mpaka mwisho na hapakuwa na jibu. Filimbi ya turbo ilikuwa inashuka badala ya kupanda. Simu ikaita, dada akasema kwa sauti ya kupaza ili kushinda kelele:

"Mdogo wangu, moshi umepungua. Asubuhi ulikuwa unatoa mweusi kila mlima, sasa hautoi chochote."

Maneno yale yaliniokolea saa nzima ya kubahatisha. Injini ya dizeli inayokosa hewa hutoa moshi mweusi, kwa kuwa mafuta yanaingia mengi kuliko hewa ya kuyachoma. Inayokosa mafuta haina cha kutolea moshi. Kwa hiyo kichujio cha hewa na turbo havikuwa na kosa. Shida ilikuwa mahali fulani kati ya tangi na pampu, na kwa lori lililosimama miaka nilijua nianzie wapi.

Tulilipeleka kwenye uwazi wa pembeni, tukaweka mawe kwenye matairi. Injini ya M35A2 ilibuniwa ichome mafuta ya aina nyingi, dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, hata petroli ikilazimu, na kwa sababu hiyo ina filta kadhaa, moja baada ya nyingine. Nilifungua koki ya chini ya ile ya kwanza juu ya chupa tupu. Kilichotoka kwanza kilikuwa maji ya rangi ya kutu. Kikafuata kitu cheusi kizito kama uji ulioungua, ndipo dizeli ikaonekana. Tangi lake linachukua kama lita 190. Uchafu ulikuwa umetulia sakafuni mwake miaka yote ile, na mtikisiko wa barabara uliuamsha wote kwa asubuhi moja.

Mzee alikuwa ametupa filta mpya pamoja na ule mpira wa breki, Mungu ambariki. Nilizibadilisha zote nikiwa nimesimama juu ya bampa, kichwa ndani ya boneti. Hapo ndipo ile pampu ya ndani ya tangi ilipoonyesha thamani yake. Kwenye malori mengi ukifungua filta unapampu kwa mkono mpaka kidole gumba kife ganzi. Hapa nilimwomba dada ageuze swichi tu, nikalegeza skrubu ya kutolea hewa, mapovu yakatoka, yakapungua, ikaja dizeli tupu, nikakaza. Injini ilishika kwa kubonyeza mara moja. Tulipanda mlima uliobaki kwa gia ya nne na moshi mweusi ukarudi, na dada akapiga simu kunipongeza kwa moshi.

Mteremko wa upande wa pili niliuheshimu. Nilitia gia ya tatu kabla ya kuanza kushuka, si baada, na nikaweka jicho kwenye geji ya mizunguko isifike 2,600, kwa sababu mteremkoni uzito wa lori ndio unaoizungusha injini, na gavana ya pampu, kile kifaa kinachopunguza mafuta injini ikizidi kasi, haiwezi kuizuia. Sindano ikisogea juu nilikanyaga breki kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha nikaachia kabisa ili dramu zipoe. Kuweka mguu kidogokidogo njia nzima ndiko kunakopika breki shuu. Chini tuliposimama nilipima vitovu. Vyote vilikuwa vya moto, ndivyo inavyopaswa, na kile cha nyuma kulia kilikuwa kimewazidi wenzake kwa kiasi kile kile cha asubuhi. Kutozidi kule kulinipa nguvu.

Jioni mvua ikatukuta. Swichi ya taa ya lori hili ina vipini vitatu, na kimoja ni kufuli: lazima ukishikilie huku ukisogeza kikubwa, la sivyo taa kubwa haziwaki. Wanajeshi walitaka hivyo ili askari asije akawasha taa kubwa kwa kugusa bahati mbaya akiwa gizani karibu na adui. Waipa nazo zinasukumwa kwa hewa, ile ile ya mfumo wa breki, kwa hiyo kila zilipopiga nilijikuta nikiangalia geji ya hewa. Kompresa ilimudu vyote viwili. Lakini matairi yale ya kijeshi, yenye meno makubwa ya kushika tope, hayaishiki lami iliyolowa vizuri, na usiku ulikuwa unaingia. Tukaegesha tukalala.

Mvua ilikuwa imekatika tulipoendelea, na safari iliyobaki ilikuwa ya raha tupu. Zilipobaki kilomita chache dada aliwasha taa za mbele mara mbili, ishara tuliyokubaliana ya kusimama. Nilidhani ameona kitu. Alikuja mpaka mlangoni mwangu, akapanda kwenye ngazi.

"Shuka," alisema. "Nimekula moshi wake njia nzima. Sasa zamu yangu."

Nilimpa kiti. Alisubiri hewa ipande kama anavyoagizwa na daftari lake mwenyewe, akatia gia ya pili, akaondoka bila hata kuruka. Nilimfuata kwa gari dogo na kwa mara ya kwanza nikaliona likitembea: turubai likipepea, magurudumu manane ya nyuma yakizunguka pamoja, na watu barabarani wakimpungia mkono dada yangu.

Nilipoegesha nyuma yake alikuwa ameshavuta kebo ya kuzimia na kushuka. Nilimkuta amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma kulia.

"Bado lina joto kuliko wenzake," alisema. "Tunalifungua lini?"

Tulilifungua asubuhi iliyofuata. Beringi zilikuwa nzima, zimejaa grisi. Kilichokwama kilikuwa pistoni moja ya silinda ndogo ya breki ya gurudumu lile, kutu imeishika ndani ya tundu lake, ikawa breki shuu ya upande ule hairudi yote baada ya kuachia pedeli. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani, na gari likikaa, maji yale hula chuma polepole. Tuliamua kufungua magurudumu mengine yote pia, na dada akafungua ukurasa mpya.