Alhamisi yangu kwenye chumba cha matiti, Muheza

Saa 1:30 asubuhi. Mimi ni tabibu, na Alhamisi ni zamu yangu ya kupima matiti. Kabla sijaita mtu nasugua viganja mpaka vipate joto. Mkono wa baridi humfanya mgonjwa ajikaze, na uvimbe mdogo unakupita hivihivi.

Saa 2:00. Binti wa miaka 19, kaletwa na shangazi. Shangazi ndiye msemaji, namwomba atupishe. Namtazama binti kwanza akiwa amekaa: mikono chini, kisha juu, kisha kiunoni akijikaza. Halafu analala, mkono nyuma ya kichwa, nami napitisha nyama za vidole vitatu vya kati kwa viduara, juujuu, kisha kwa kina, mstari kwa mstari kuanzia kwenye mtulinga hadi chini ya titi. Hiki hapa: kama gololi, ukikigusa kinakimbia. Kwa umri wake mara nyingi ni fibroadenoma, si saratani. Hata hivyo naandika ultrasaundi.

"Dokta, si hiyo simu anayoweka kifuani?"

Simu haina kosa, shangazi.

Saa 4:30. Mzazi wa wiki tatu, titi limewaka, lina jipu. Usaha tunauvuta kwa sindano, dawa anapewa. Mama mkwe alikuwa kamkataza kunyonyesha! Namwambia aendelee, maziwa yakituama ndiyo balaa.

Saa 6:15. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Anauza machungwa. Anafungua khanga polepole. Chuchu ya kushoto imezama ndani, ngozi kando yake imevimba na kufanya vitundu vitundu. Vitabu vyetu huiita ganda la chungwa, yeye kaniwahi: "Limekuwa kama biashara yangu." Miezi minane sasa. Duka la dawa lilimpa antibayotiki mara mbili.

"Mbona hukuja mapema?"

"Haliumi."

Wa maumivu hufika upesi, na wengi wao hawana saratani. Hawa wa "haliumi" ndio wanaonikosesha usingizi. Kwapani nakuta tezi tatu zimeshikana. Naandika rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa iliyoko Tanga mjini, akakatwe kinyama kipimwe. Saratani siitamki kabla ya majibu, ila wasiwasi wangu simfichi. Shirika la Afya Duniani linataka ugonjwa ujulikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike. Zake nazihesabu kuanzia leo.

Saa 9:00 alasiri. Nampigia mwanawe aliyeko Tanga mjini, ampokee stendi kesho. Kaniuliza maswali manne, yote ya nauli.