Nondo Walinitangulia Kilosa

Konda aliniuliza naenda kufanya nini Kilosa, nikamjibu naenda kuangalia nondo.

"Nondo zimejaa Buguruni, kaka. Unazifuata huko zina nini?"

Abiria wa kiti cha nyuma akacheka. Ikabidi nirekebishe sarufi: hawa si *zipo*, ni *wapo*. Nondo wenye mabawa, wale wanaojigonga kwenye taa usiku. Konda akanitazama kama mtu aliyepungukiwa kidogo, akaendelea kukusanya nauli.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Desemba. Alfajiri nilikuwa nimepanda treni ya mchongoko Dar es Salaam, nikashuka Morogoro kabla hata njaa ya asubuhi haijauma. Msamvu ndipo mwendo ulipobadilika: Coaster ilisubiri ijae, ikajaa, kisha ikasubiri tena ijae zaidi.

Safari hii ilianzia kwenye maneno ya rafiki yangu, bwana shamba aliyestaafu. Aliniambia Kilosa ni mojawapo ya sehemu ambako viwavijeshi wa Afrika, wale watoto wa nondo wanaomaliza mahindi na malisho, huanzia vurugu zao kila msimu, kabla hawajasogea kaskazini mwa Tanzania, Kenya, Ethiopia, na miaka mingine mpaka Yemen. Hilo nilikuwa nalisikia. Kilichonishtua ni maelezo yake kwamba mbegu ya balaa hilo inakaa kwetu pwani. Kiangazi kikikaza bara na majani kukauka, viwavi hubaki wachache wachache palipo na ubichi, hasa ukanda wa pwani ambako manyunyu ya kupitapita hayakosekani. Hao hakuna anayewaona. Vuli ikianza, nondo hupaa usiku na upepo wa mashariki huwapeleka bara. Yaani mimi na wao tulikuwa safari moja, ila wao hawasubiri Coaster ijae.

Tulipita mashamba ya mpunga ya Dakawa, tukakata kushoto Dumila, tukaanza kuzitafuta Msowero na Rudewa. Mkonge upande huu, mahindi machanga upande ule, na magharibi milima ya Rubeho imejitanda mawingu. Majani yalikuwa yamechipua juzijuzi, kijani kile kinachoumiza macho baada ya vumbi la miezi. Jirani yangu, mzee wa Kimaasai, alikuwa akiyatazama kama mtu anayehesabu fedha. Nilipomtajia viwavijeshi alisema kitu kimoja tu: malisho wakishayapitia wao, usikimbilie kupeleka ng'ombe siku hiyohiyo, unaweza kuwazika.

Kijiji nilichofikia kiko ng'ambo ya mto Mkondoa, mwendo wa bodaboda kutoka mjini. Mwenyeji wangu alikuwa chini ya mwembe, anatengeneza jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa nondo?"

Habari ilikuwa imeshafika.

Yeye na binti mmoja wa jirani ndio watabiri wa kijiji. Utaratibu huu wa kuwaachia wanakijiji wenyewe kazi ya kutabiri ulianza kujaribiwa wilayani Kilosa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo taarifa zilikusanywa na kutolewa mbali. Enzi za Jumuiya ya zamani, mitego ya taa ya Afrika Mashariki nzima ilikuwa ikipeleka hesabu zake Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ikabaki na nondo wake, ingawa nondo wenyewe hawakuarifiwa. Kwa Tanzania kazi hiyo ilikwenda Tengeru, Arusha. Tabu ni kwamba onyo likitoka Arusha, mpaka limfikie mtu wa Kilosa, viwavi walikuwa wameshamaliza kula.

Asubuhi tulikwenda kuufungua mtego. Kwa macho hauna lolote: ndoo nyeupe ya plastiki, faneli ya njano, kifuniko cha kijani, umening'inizwa kwenye mti usawa wa uso. Ndani kuna kidonge kilichotiwa harufu iliyotengenezwa kuiga ya nondo jike. Madume huja wakidhani wameitwa. Mzee alimimina ndoo juu ya gazeti, akaanza kutenganisha kwa kijiti. Wadudu wengine huingia kwa bahati mbaya, na asiyejua angewahesabu wote. Wa kwake wana mabawa ya nyuma meupe, ya mbele ya kijivu yenye alama mfano wa figo.

Watatu.

Nikaona nimepoteza nauli bure. "Watatu tu, mzee?"

"Jana hakuna. Juzi hakuna. Wiki iliyopita hakuna." Akalikunja gazeti. "Watatu ni wengi."

Akanisimulia mwaka ambao vidonge vilichelewa kuletwa. Cha zamani kilikuwa kimeshapoteza harufu, mtego ukaning'inia mwezi mzima, na kila asubuhi wakaandika sifuri. Mashamba ya jirani yakaliwa. "Sifuri zote zile zilikuwa uongo," alisema, na nilihisi bado hajamsamehe mtu fulani.

Binti yeye alikuwa kwenye kipimamvua, saa tatu kamili kama kawaida yake. Hakikuwa na kitu. Nondo bila mvua hawamtishi, aliniambia. Hapo nikauliza lile wanalosema wazee, kwamba viwavijeshi hudondoka na mvua. Nilitegemea angecheka. Hakucheka. Nondo wanasafiri juu sana, wametawanyika mbinguni kama chumvi kwenye pilau. Mvua ya radi inapojikusanya, pepo za pande zote hukimbilia hapo na kuwabana pamoja. Wanateremka mahali pamoja, usiku mmoja, kwenye majani yaliyoanza kuchipua, na kila jike anaweza kutaga mayai yanayofika elfu moja. Kwa hiyo wazee hawakukosea sana. Wanadondoka kweli, ila wakiwa na mabawa. Na kiangazi kilichotangulia kikiwa kikali, maradhi na wadudu wanaowala viwavi nao huwa wamepungua, basi watoto wale hukua bila mwenyewe.

Kisha akanitolea chupa mbili za maji zilizotobolewa vitundu. Wiki mbili kabla, nondo jike alijigonga kwenye taa ya dukani, akamfungia, akataga. Watoto walipoanguliwa akamweka mmoja peke yake chupa hii, na kama ishirini chupa ile. Majani ya aina moja, kivuli kimoja, mama mmoja.

Kiwavi wa peke yake alikuwa wa kijani, mpole, amejificha kwenye shina la jani. Ilinichukua muda kumwona. Wale ishirini walikuwa weusi mgongoni kama mahameli, na mistari ya manjano ubavuni, wanapanda na kushuka mchana kweupe, hawatulii. Nikaziinua chupa mbili juani, moja kila mkono. Kumbe si aina mbili. Ni kubanana tu. Ndiyo maana mtu anaweza kulima miaka mitano asimwone hata mmoja, wakati wamo shambani mwake wakiwa kijani.

Wakiwa wengi hivyo, watu huwashtukia wakati wameshachelewa. Siku za mwanzo wanakula kidogo sana. Uharibifu karibu wote hufanywa siku chache za mwisho, kisha wanaingia ardhini kugeuka pupa, ile hatua ya kulala kabla ya kuwa nondo, na shamba linakaa kimya. Mzee anakumbuka msimu mmoja aliposimama kwenye mahindi yake na kusikia sauti kama ya manyunyu, na jua linawaka. Walikuwa wanatafuna. Watu walipata dawa siku ya nne, wakapuliza, kesho yake viwavi hawapo. Kijiji kizima kikasifu dawa. Wao walikuwa wameshashiba na kwenda kulala.

Siku hizi amepata usumbufu mwingine: kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika, aliyeonekana Afrika 2016 na kuingia kwetu 2017. Huyo haandamani, anakaa ndani ya moyo wa hindi msimu mzima. Lakini jina ni moja, basi kila anayekuta kiwavi kwenye hindi anamjia mzee kumlaumu kwamba hakutabiri.

Usiku wa pili mvua ilikuja. Radi ilipiga upande wa Rubeho, bati likalia mpaka hatukusikilizana. Sikulala vizuri. Kulipopambazuka mzee alikuwa ameshatandika gazeti, mkeka chini yake safari hii. Alihesabu kimyakimya, akarudia tangu mwanzo, kisha akamwambia binti aandike 64. Binti akasubiri saa tatu, akasoma kipimamvua, akaweka daftari kwapani na kuelekea ofisi ya kijiji ambako kuna ubao wa matangazo.

Bodaboda yangu ilikuwa inangoja. Nilipompa mzee mkono hakuuachia mara moja.

"Ukifika huko pwani," alisema, "wasalimie. Waambie nondo wao wamefika salama."