Kujifunza kutengeneza tovuti kwa masikio: wiki ya tisa

Kwa aliyekosa mwanzo: ninajifunza kutengeneza tovuti, na mwalimu wangu mkuu ni podikasti. Sikupanga iwe hivyo. Ni kwamba mikono yangu huwa na kazi nyingine muda mwingi, kuosha vyombo, kupiga pasi, kushika bomba la basi, lakini masikio yako huru. Nilianza na Syntax ya Wes Bos na Scott Tolinski. Ipo tangu 2017, kwa hiyo vipindi vya kusikiliza haviishi leo wala kesho. Mradi wenyewe ni mdogo: ukurasa mmoja wa kuandika vipindi nilivyosikiliza, dakika nilizotumia, na nilichokijaribu baadaye.

Mwezi wa kwanza niliupoteza. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza redio, natikisa kichwa kukubali kila kitu, na nilipofungua kompyuta sikuweza kuandika hata mistari mitano. Msimbo hauna sauti. Hakuna anayeweza kukusomea mabano na nuktamkato ukaambulia kitu, na watangazaji wazuri hata hawajaribu. Wanakwambia kitu kinaitwaje na kwa nini kipo. Tangu hapo natembea na daftari. Kila neno geni naliandika linavyosikika, na sisikilizi kipindi kipya kabla sijakaa kwenye kibodi nikajaribu walau neno moja la kipindi kilichopita.

Hilo la "linavyosikika" lina vituko vyake. Kurasa mbili za daftari zimejaa neno "keshi", maana kila mara walisema futa keshi, nami najiuliza hela zimeingiaje huku. Siku moja nikabadilisha rangi ya kichwa cha ukurasa kutoka bluu kuwa kijani, nikapandisha faili kwenye seva, nikafungua ukurasa: bluu. Nikaweka nyekundu: bluu ileile. Nusu saa nzima nagombana na faili lisilo na kosa. Ndipo keshi ikanijia. Kumbe huandikwa cache, na ni nakala za mafaili ambazo kivinjari huzitunza ili kisizipakue upya kila unaporudi. Nikabonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja, nyekundu ikatokea. Inachukiza macho, lakini nyekundu.

Wiki ya sita ilikuwa ya visanduku, na hapo ndipo daftari lilipolipa. Nilitaka visanduku viwili vikae ubavu kwa ubavu ndani ya eneo lenye upana wa pikseli 600. Nikakipa kila kimoja 300. Cha pili kikashuka chini. Nikapunguza hadi 290, bado. 270, bado. Kikapanda nilipofika 258, namba ambayo sikujua imetoka wapi. Kurudi kwenye daftari nakuta "boksi saizingi, wanasema huiweka kila mradi". Nikaitafuta kwa tahajia yake sahihi, mambo yakafunguka: kwa kawaida upana unaouandika kwenye CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, ni wa kilichomo ndani tu. Nafasi niliyoacha, pikseli 20 kila upande, na mstari wa pembeni, pikseli 1 kila upande, huongezwa juu yake. Kisanduku changu cha 300 kilikuwa 342. Na 258 ukijumlisha 42 unapata 300, ndiyo maana. Nikaandika box-sizing: border-box, yaani upana uhesabu na nafasi na mstari wa pembeni, nikarudisha 300, vikatulia. Ningesoma kanuni hiyo kwenye kitabu ningeisahau jioni ileile.

Wiki ya saba na ya nane ni rangi na ukubwa wa maandishi. Hakuna la kusimulia.

Wiki hii nimeingia JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa ufanye kazi kama kupiga hesabu. Ukurasa una sehemu ya kujaza dakika za asubuhi na ya kujaza za jioni, halafu unajumlisha. Nikajaza 45 na 30. Jumla ikaja 4530, yaani nimesikiliza saa sabini na tano na nusu ndani ya siku moja! Nilicheka peke yangu. Unachokijaza kwenye fomu hufika kama maandishi, hata kikiwa tarakimu, na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi huyaunganisha tu. Nikavizungushia vyote viwili Number(), inayogeuza maandishi kuwa namba, ikawa 75. Ni lugha ambayo Brendan Eich aliiandika toleo lake la kwanza kwa siku 10 mwaka 1995 akiwa Netscape, kampuni ya kutengeneza kivinjari, na kwa mambo kama haya mtu anaelewa kwa nini hadithi hiyo haichoki kusimuliwa.

Kinachoniudhi sasa: nikifunga ukurasa, kila nilichojaza kinapotea. Lakini kwenye daftari, kurasa za mwanzoni kabisa, nimeona "lokali storeji" (local storage, yaani hifadhi ya ndani ya kivinjari) nililolizungushia duara bila kujua ni la nini. Kesho naanzia hapo.