Kobla ya beri za kiangazi: kumbukumbu ya mradi wangu

Ninachotafuta

Nataka kobla ambayo unga wake umeiva mpaka pale unapogusana na matunda, na rojo yake ni nzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kuganda kama jeli. Kwa asiyeifahamu, kobla ni matunda yaliyotiwa sukari, yakamiminwa kwenye chombo cha kuokea, yakafunikwa kwa madonge ya unga laini, kisha vyote vikaokwa pamoja. Haina ganda la chini kama pai. Ni pishi la Marekani, lililoenea karne ya 19 miongoni mwa watu waliokuwa wakioka ndani ya vyungu vya chuma juu ya makaa. Nimeichagua msimu huu kwa sababu beri hazimngoji mtu. Zikishaiva, siku chache tu ukungu umeziingia.

Kwa jinsi ninavyouona sasa, mradi mzima ni kufuatilia maji yanakokwenda. Takriban asilimia 91 ya stroberi ni maji. Blakberi ni 88 hivi, rasberi 86, bluberi 84. Gramu 900 za mchanganyiko, ambazo zinatosha chombo changu cha mraba cha sentimita 23, hubeba zaidi ya robo tatu ya lita ya maji. Maji hayo yana njia tatu: yatoke kama mvuke, yashikwe na wanga, au yaloweshe unga ulio juu yake. Hiyo ya tatu ndiyo ninayopambana nayo. Maelekezo mengi husema tu uoke mpaka juu pawe na rangi ya kahawia, na kobla nyingi huharibikia hapo, maana rangi ya juu haikuambii lolote kuhusu hali ya chini.

Mwanzo wa kiangazi: stroberi

Stroberi ndizo hutangulia kuiva, kwa hiyo nilianza nazo. Hizi kubwa tunazozijua leo ni chotara aliyepatikana Ufaransa karne ya 18, pale stroberi ya Chile ilipokutana bustanini na ile ya mashariki mwa Marekani Kaskazini. Kwa kuliwa mbichi sioni tunda la kushindana nayo. Kwa kuokwa, inahitaji uangalizi: maji mengi, pektini kidogo (ile nyuzi ya tunda inayogandisha jamu), na rangi yake hufifia kwa moto.

Nilizikata nusu nusu, nikazichanganya na sukari na kuziacha mezani kwa nusu saa. Sukari huyavuta maji yatoke ndani ya tunda, na chini ya bakuli pakajaa sharubati nyekundu. Niliichuja, nikaichemsha peke yake kwenye sufuria mpaka ikabaki nusu, ndipo nikairudisha kwenye matunda. Ladha ilikolea sana, na harufu ilijaa nyumba nzima kabla hata oveni haijawashwa. Mbinu hii nimeiweka kwa stroberi peke yake. Beri nyingine haziihitaji, na sufuria ya ziada ya kuosha ni kazi.

Maji ya limau yameingia kwenye kila mchanganyiko tangu hapo, kijiko kimoja kikubwa. Yanainua ladha, na pia yanalinda wekundu, kwa kuwa rangi za beri hubaki nyekundu penye asidi na huelekea buluu, hata kijani, asidi ikipungua. Hilo la kijani nitalirudia.

Bluberi na rasberi zimefika

Bluberi za shambani zina historia fupi ya kushangaza. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 watu walizichuma porini tu. Elizabeth White, mkulima wa New Jersey, na mwanasayansi Frederick Coville ndio walioshirikiana kuzifanya zao la shamba, na mavuno yao ya kwanza ya kuuzwa yalikuwa mwaka 1916. Kwa mwokaji tofauti inaonekana wazi. Za shambani ni kubwa na hustahimili moto zikiwa nzima. Za porini ni ndogo, kwa hiyo kwa uzito uleule zina ngozi nyingi zaidi, na ngozi ndiyo yenye rangi na sehemu kubwa ya ladha. Ukizipata za porini, usizichanganye na kitu. Zipe chombo chao wenyewe.

Za shambani ninaziponda kiasi cha robo kwa mgongo wa kijiko, ili maji yaanze kutoka mapema na kukutana na wanga kabla moto haujapanda. Zilizobaki naziacha nzima, zipasuke zenyewe.

Rasberi ni dhaifu. Tundu lake la katikati hushika maji, kwa hiyo sizioshi chini ya bomba. Nazitumbukiza mara moja kwenye bakuli la maji baridi, nazitoa, nazitandaza juu ya kitambaa mpaka zikauke. Huingia mwisho kabisa, na baada ya hapo sikorogi tena.

Kuhusu kinachoshika maji, nimejaribu unga wa ngano, wanga wa mahindi na wanga wa muhogo. Wa ngano hufanya rojo isiwe angavu, na huacha ladha ya unga mdomoni, sitaurudia. Wanga wa muhogo hung'aa vizuri mno, lakini ukizidi kidogo tu rojo huvutika kama mlenda. Wa mahindi ndio nilioshikamana nao, gramu 25 kwa gramu 900 za matunda. Naukoroga kwanza na sukari kavu ili usifanye madonge, ndipo matunda yafuate.

Jambo la kushika hapa ni kwamba wanga hauanzi kazi kwa kupashwa tu. Chembe zake huanza kuvimba kwenye nyuzijoto 60 na kitu, na uzito kamili unakuja matunda yakikaribia kuchemka. Kwa hiyo alama ninayoitafuta ni mapovu, tena mapovu mazito yanayopasuka polepole katikati ya chombo. Ya pembeni hutokea mapema na hayatoshi.

Unga wa juu

Hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote.

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni unga wa majimaji unaomiminwa juu ya siagi iliyoyeyuka, matunda yakarushwa juu yake, na unga ukajipandisha wenyewe kupita matunda wakati wa kuoka. Ni njia rahisi na watu wa kusini mwa Marekani wanaipenda, lakini inatoa kitu kilicho karibu na keki. Ya pili ni madonge yanayodondoshwa kwa kijiko, yenye mgongo mkavu unaokatika na tumbo laini. Mimi nataka ya pili.

Kinachoinua madonge hayo ni beking pauda. Mwingereza Alfred Bird alitengeneza ya kwake mwaka 1843, na Mmarekani Eben Horsford akapata hataza ya aina yake mwaka 1856. Unga wa namna hii hauhitaji kusubiri hamira, unainuka papo kwa papo, na ndiyo maana pishi hili linaanza na kumalizika mchana mmoja. Mimi natumia mtindi mwepesi badala ya maziwa, kwa hiyo naongeza robo kijiko kidogo cha beking soda ili ikutane na asidi ya mtindi.

Soda ndiyo inayoleta ule ukijani. Ikizidi, asidi inaisha, na kila bluberi inayogusa unga huchora duara la kijani kibichi kuizunguka. Halina madhara yoyote, ila linaondoa hamu. Robo kijiko, isizidi, na duara halitokei.

Siagi nilianza nayo ikiwa baridi, nikiisugua ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka ibaki vipande kama maharage. Takriban asilimia 16 hadi 18 ya siagi ya kawaida ni maji, na maji hayo yakigeuka mvuke ndani ya oveni huacha matundu yanayofanya unga uwe mwepesi. Tatizo lake ni jikoni kwenye joto la kiangazi: siagi inalainika kabla hujamaliza kusugua. Sasa naiyeyusha, naiacha ipoe kidogo, kisha naimimina ndani ya mtindi uliotoka kwenye friji huku nikikoroga. Siagi inashtuka na kuganda kuwa chembechembe ndogo ndani ya mtindi, na hizo chembe zinafanya kazi ileile ya vipande baridi. Hakuna kusugua, hakuna vidole vya moto, na kila donge linapata sehemu yake ya siagi. Nimeipenda njia hii kwa moyo wote.

Mtindi wenye siagi unaingia kwenye unga mkavu, nakoroga kwa mwiko mpaka ukavu uishe, nasimama. Kuendelea kukoroga kunajenga gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika, na donge linakuwa gumu.

Chini kunaiva lini?

Sasa kiini cha mradi. Donge likiwekwa juu ya matunda baridi, joto linalifikia kutoka juu peke yake. Chini yake kuna tani ya maji baridi ambayo oveni italazimika kuyapasha kwanza, na muda huo wote tumbo la donge linaloana. Wakati matunda yanapoanza kuchemka, mgongo umeshakuwa kahawia na mpishi anatoa chombo. Ukikata, unakuta tabaka la ugali mbichi lenye rangi ya zambarau.

Suluhisho ni kuyapa matunda nafasi ya kwanza. Yanaingia oveni peke yake kwa nyuzijoto 190, bila kifuniko, kwa dakika 20 hadi 25, mpaka mapovu yaonekane pembeni. Wakati huo ndipo nachanganya unga, kwa sababu beking pauda ikishaguswa na majimaji haitakiwi kusubiri. Natoa chombo, nadondosha madonge juu ya matunda yanayotokota, narudisha haraka. Donge sasa linapata joto juu na chini kwa pamoja, na unga wa chini hushikana kabla haujanywa maji.

Nafasi kati ya donge na donge nayo ina uzito wake. Naacha upana wa kidole. Mvuke unapita hapo badala ya kupita ndani ya unga, na rojo hupata uwazi wa kupunguza maji. Nilipofunika chombo chote kama blanketi ili kulinganisha, rojo ilibaki nyepesi waziwazi, ingawa vipimo vilikuwa vilevile.

Kuhakikisha, natumia kipimajoto chembamba: nachoma katikati ya donge kubwa kuliko yote, na nikiona 95 natoa. Kwa kawaida ni dakika 25 hadi 30 baada ya madonge kuingia. Asiye na kipimajoto ainue donge moja kwa uma atazame tumbo lake. Litakuwa na matundu makavu kama mkate.

Halafu kusubiri nusu saa. Najua harufu inavyomvuta mtu, ila wanga huongeza uzito kadiri unavyopoa. Kobla ileile inayomwagika kama supu ikitoka oveni, nusu saa baadaye inakaa vizuri kwenye sahani.

Vipimo ninavyotumia sasa

Matunda: blakberi gramu 400, bluberi 300, rasberi 200, sukari 120, wanga wa mahindi 25, maji ya limau kijiko kikubwa kimoja, ganda la limau lililokwanguliwa, chumvi kidogo.

Unga: ngano gramu 200, sukari 40, beking pauda vijiko vidogo viwili, beking soda robo kijiko, chumvi nusu kijiko, siagi 85, mtindi mwepesi baridi mililita 160. Juu ya madonge narusha sukari kijiko kimoja, inayofanya mgongo ukatike vizuri.

Chombo kiwe cha kioo, udongo au chuma chenye enameli. Alumini tupu huingiliana na asidi ya beri na kuacha ladha ya chuma.

Blakberi, na kilichobaki

Blakberi zimechelewa kuiva na zimekuja na nguvu. Ndizo zimebadilisha mchanganyiko wangu zaidi. Nachagua nyingi zilizoiva kabisa, zile zinazotoka kwenye shina kwa kuguswa tu, na chache ambazo bado zina wekundu. Hizi changa ni chachu na zina pektini zaidi, kwani tunda likiendelea kuiva vimeng'enya vyake huivunja pektini. Kwa kuziongeza nimeweza kupunguza wanga hadi gramu 20 na rojo ikashika vilevile, tena ikawa na ladha safi zaidi ya tunda. Nadhani hapo ndipo vipimo vyangu vitatulia.

Zilizozidi nimezitandaza kwenye trei bila kugusana, nikazigandisha, ndipo nikazimimina mfukoni. Barafu hutoboa kuta za seli, kwa hiyo zikiokwa zitatoa maji haraka na mengi kuliko mbichi. Jaribio linalofuata ni kuziingiza oveni zikiwa zimeganda, matunda yakapata dakika 35 hadi 40 peke yake badala ya 20, na wanga ukarudi gramu 25 au kupanda hadi 30. Nitaandika hapa rojo itakavyotoka.