Yakobo alisema kabla hajaugua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Mwanzo 23, kisha Mwanzo 47:29-31.

Abrahamu ameishi Kanaani miaka zaidi ya 60, na siku Sara anafariki hana hata pa kumzika. Machozi hayajakauka, yuko langoni pa mji anapatana na Efroni, mwenye shamba lenye pango la kuzikia. Anatajiwa shekeli 400 za fedha, analipa bila kubishana. Mfiwa atabishana na nini?

Baba yangu mdogo alipofariki hapa Mwanza, mwili ulikaa mochwari siku nne. Wanawe walitaka azikwe mjini, ndugu zake wakasema mtu wa Ukerewe hurudi Ukerewe. Kila upande uliapa kwamba mwenyewe ndivyo alivyotaka. Mwisho tulivuka na jeneza hadi Nansio, na wawili kati ya wanawe wakakataa kupanda kivuko. Mimi nilikula kwake Jumapili nyingi sana na sikuwahi kumuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa mtazameni Yakobo. Yuko Misri mwaka wa 17, anamwita Yusufu na kumwapisha: usinizike Misri, nichukue nikalale pamoja na baba zangu. Habari ya kwamba Yakobo ni mgonjwa tunaipata sura ya 48. Alisema kwanza, ugonjwa ukaja baadaye. Na kaburi alilolitaka ni lile lile la Makpela, alilolinunua Abrahamu kwa uchungu.

Sisi tunasema kutaja kifo ni uchuro. Mtoto akiuliza hati ya kiwanja iko wapi, anaonekana anamwombea mzazi afe. Kwa hiyo naamini mzazi ndiye aanze, kama Yakobo, na aanze angali na nguvu. Watu wa ziwa hili tunajua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Baadhi ya waliokuwamo wamelala kwenye makaburi ya Igoma, hapa Mwanza. Hawakupata hata dakika ya kumwita mtoto.

Wosia uandikwe mbele ya mashahidi, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea na kuutunza. Taja msimamizi wa mirathi. Lakini karatasi haitoshi kama nyumbani hamjazungumza: nani atabaki na wadogo, nani aamue ukiwa hujitambui kitandani, madeni ni yapi.

Mwezi uliopita nilijikaza nikamuuliza mama, tukiwa uani tunachambua dagaa. Alinyamaza. Kisha akasema anataka kulala Magu, ubavuni kwa baba. Jeneza lisifunguliwe watu wakapanga foleni kumtazama. Na kwamba mama mmoja wa kwaya anamdai shilingi 30,000, nisije nikasahau. Akaendelea na dagaa wake. Baadaye akainua macho.

"Na wewe, mwanangu, umeshamwambia mkeo?"